Kanuni za kugawanyika zina sababu, na mtoto anaweza kuiona

Fungua daftari la hisabati la mwanafunzi wa darasa la tano au la sita na huenda ukakuta orodha iliyonakiliwa kutoka ubaoni. Namba inagawanyika kwa 2 ikiwa tarakimu yake ya mwisho ni shufwa. Inagawanyika kwa 3 ikiwa jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa 3. Kwa 4, tazama tarakimu mbili za mwisho. Kwa 5, iishie na 0 au 5. Orodha inashuka hivyo hadi 10, wakati mwingine 11, na chini yake kuna maswali kumi yenye alama ya vema kila moja. Baada ya wiki kadhaa muulize mwanafunzi huyo huyo kama 413 inagawanyika kwa 3. Wengi wataitazama ile 3 ya mwisho na kujibu ndiyo.

Watu wazima huharakisha kusema watoto wa siku hizi hawashiki. Mimi nasema hawakupewa cha kushikia. Wamepewa sentensi kumi zenye sura moja, nyingine zinasema tazama mwisho, nyingine zinasema jumlisha, na hakuna hata moja iliyofungwa kwenye jambo ambalo mtoto tayari analijua. Zikikaa kichwani kwa muda mfupi zinaanza kubadilishana nafasi. Kanuni ya 5 inavaa nguo za kanuni ya 3, na 413 inapita.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mada hii ni mojawapo ya nafasi za kwanza kabisa katika hisabati ya shule ya msingi ambapo mtoto anaweza kuthibitisha jambo linalohusu namba zote, zile alizowahi kuziona na zile ambazo hataziona maishani. Anaweza kulithibitisha kwa vijiti, kwa lugha anayoongea nyumbani, bila aljebra. Nafasi kama hiyo hairudi haraka. Sisi tunaitumia kunakilisha orodha.

Linganisha na MAGAZIJUTO. Kila aliyesoma hisabati kwa Kiswahili nchini Tanzania anaijua: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Huo ni utaratibu ambao watu wamekubaliana. Katika 2 + 3 × 4 hakuna kitu ndani ya namba zenyewe kinacholazimisha kuzidisha kwanza. Tumekubaliana hivyo ili kila anayeusoma mstari huo apate 14, asitokee mwingine na 20. Mwalimu akiulizwa kwa nini, jibu la haki ni kwamba ndivyo tulivyokubaliana, na mwanafunzi hana budi kukariri. Sina ugomvi na hilo. Lakini kanuni ya 3 haikupitishwa na kikao chochote. Ingekuwa kweli hata kama hakuna mtu aliyewahi kuitamka. Tunapozifundisha zote mbili kwa sauti ile ile na kwa chaki ile ile, mtoto anajifunza jambo zito kuliko kanuni yenyewe: kwamba hisabati yote ni amri za mtu fulani aliyeko mbali, na kazi yake yeye ni kutii. Akifika sekondari na fikra hiyo, ni vigumu sana kuing'oa.

Basi tufanye nini? Tuanze na vijiti. Madarasa ya awali wanavyo, vimefungwa kumi kumi, na pasipo na vijiti pana vifuniko vya soda. Chukua namba isiyogawanyika, kwa makusudi, kwa sababu baki ndilo litakalotufundisha. Tuseme 142. Weka mezani fungu moja la mia, mafungu manne ya kumi, na vijiti viwili vya mamoja. Waite watoto watatu mbele wagawane.

Mwalimu wa kawaida angeanza na mia. Anza na fungu moja la kumi. Kila mtoto anapata vijiti vitatu, kinabaki kimoja. Kiweke pembeni. Fungu la pili la kumi, vilevile, kimoja pembeni. Mafungu manne yakiisha kugawanywa, pembeni kuna vijiti vinne. Sasa lifungue lile la mia: kila mtoto 33, kinabaki kimoja. Pembeni kuna vijiti vitano. Ongeza vile viwili vya mamoja ambavyo hatujavigusa. Ni saba. Saba ukiwagawia watatu, kila mmoja anapata viwili na kimoja kinabaki. Kwa hiyo 142 ikigawanywa kwa 3 ina baki 1, na hatujagawanya namba kubwa hata mara moja.

Hapo mwalimu anyamaze kidogo awaache watazame. Tarakimu 4 ya 142 ilikuwa ikihesabu mafungu ya kumi. Sasa inahesabu vijiti vilivyobaki, kwa sababu kila fungu limeacha kimoja. Tarakimu 1 ya mia imefanya hivyo hivyo. Kumi ni 9 na 1. Mia ni 99 na 1. Elfu ni 999 na 1. Zile 9, 99 na 999 zote zinawagawanyikia watatu bila kubaki, kwa hiyo kinachobaki mezani ni tarakimu zenyewe, zikiwa zimevuliwa nafasi zao na kujumlishwa. Hiyo ndiyo kanuni yote. Mtoto aliyeiona kwa mia anaweza kukuambia kitakachotokea kwa milioni, na akishakuambia hivyo amethibitisha. Hana haja ya kujaribu namba mia moja ili aamini.

Kutoka hapo kanuni ya 9 inakuja bure, kwa sababu 9, 99 na 999 zinagawanyika kwa 9 pia. Na kuna zawadi nyingine ambayo orodha ya daftarini kwa kawaida huificha: jumla ya tarakimu inakupa baki lenyewe. Tarakimu za 142 zinajumlishwa kuwa 7, na kweli 142 ikigawanywa kwa 9 inabaki 7. Orodha ilikuwa imeishusha kanuni hadi kuwa swali la ndiyo au hapana, ilhali ina mengi zaidi ya kusema.

Mwanafunzi mdadisi atauliza: mbona hatujumlishi tarakimu kwa 7? Swali hilo lina thamani kuliko mazoezi ishirini, na kwa vijiti lina jibu. Fungu la kumi likigawiwa watoto saba linaacha vijiti vitatu. La mia linaacha viwili, kwa kuwa 98 ni 7 mara 14. Kwa hiyo katika 142 pembeni kutakuwa na viwili vya mia, kumi na viwili vya mafungu manne ya kumi, na viwili vya mamoja. Jumla 16. Kumi na sita ukiwagawia saba kinabaki viwili, na 142 ikigawanywa kwa 7 ina baki 2. Kanuni ya 7 ipo, ila kila nafasi ina bei yake. Mfaransa Blaise Pascal aliliandika wazo hili kwa ujumla wake katika karne ya 17, katika andiko lililochapishwa mwaka 1665 baada ya kifo chake: tafuta kila nafasi inaacha baki gani, kisha zidisha tarakimu kwa baki la nafasi yake. Kanuni zote za orodha ni watoto wa wazo hilo moja.

Kundi la pili ni jepesi na sitalikalia sana. Kumi inagawanyika kwa 2 na kwa 5, kwa hiyo makumi, mamia na maelfu hayaachi kitu, na mamoja peke yake ndiyo yanayoamua. Mia inagawanyika kwa 4 na kwa 25, kwa hiyo tazama tarakimu mbili za mwisho. Elfu inagawanyika kwa 8, tazama tatu. Baada ya hapo waulize wanafunzi: kwa 16 tutazame ngapi? Wakijibu nne kabla hujawafundisha, somo limefika.

Kalenda inatoa mfano mzuri wa kanuni ya 4. Mwaka 2024 ulikuwa mrefu kwa sababu 24 inagawanyika kwa 4. 2028 utakuwa mrefu pia. Lakini 2100 hautakuwa mrefu ingawa unagawanyika kwa 4, kwa kuwa kalenda iliyotangazwa na Papa Gregori wa 13 mwaka 1582 inataka mwaka unaofunga karne ugawanyike kwa 400. Ndiyo maana 2000 ulikuwa mrefu na 1900 haukuwa. Hapa vitu viwili vimekaa pamoja. Kwamba 2100 inagawanyika kwa 4 hakuna papa awezaye kulibadilisha. Kwamba mwaka huo upewe siku 365 ni makubaliano ya watu kwa sababu za jua na majira. Darasa linaloweza kutenganisha haya mawili limeelewa jambo kubwa.

Tatizo jingine la orodha ni kwamba inazaa kanuni za uongo, na zinazaliwa kwa mantiki ya mtoto mwenyewe. Ameambiwa kwamba kwa 3 na kwa 9 tunajumlisha tarakimu, basi na kwa 6 anajumlisha. Tarakimu za 15 zinajumlishwa kuwa 6, kwa hiyo 15 inagawanyika kwa 6. Ameambiwa kwamba inayogawanyika kwa 2 na kwa 3 inagawanyika kwa 6, basi inayogawanyika kwa 2 na kwa 4 itagawanyika kwa 8. Mpe 20 aitazame. Na inayogawanyika kwa 2 na kwa 6 itagawanyika kwa 12? Mpe 18. Mtoto huyu hakukosa akili. Amefanya kile ambacho hisabati inamtaka afanye, amepanua alichopewa. Alichokosa ni sababu ambayo ingemwonyesha upanuzi unaishia wapi. Mbili na tatu hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, kwa hiyo zikiwa zote ndani ya namba lazima 6 iwemo. Mbili imeshajificha ndani ya 4, haiongezi kitu. Mwalimu anayesahihisha kwa kuweka alama ya kosa tu kwenye 15 amepoteza kipindi kizuri sana.

Mwaka 2019 zilienea habari za mvulana wa miaka 12 mwenye asili ya Nigeria, Chika Ofili, aliyekuwa akisoma London. Mwalimu wake wa hisabati alimpa kitabu cha mazoezi ya likizo chenye kanuni za kugawanyika, na ya 7 haikuwamo. Akaitafuta mwenyewe. Chukua tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 5, ijumlishe na namba iliyobaki mbele yake. Kwa 413: tarakimu ya mwisho ni 3, mara 5 ni 15, ongeza 41, unapata 56, na 56 ni 7 mara 8. Kwa hiyo 413 haigawanyiki kwa 3, lakini kwa 7 inagawanyika. Wanahisabati walikuwa wakiijua njia hiyo kabla yake, na hilo halimpunguzii kitu. Sababu yake inafundishika: ukizidisha 413 kwa 5 unapata 41 mara 50, jumlisha 15. Hamsini ni 49 na 1, na 49 inagawanyika kwa 7, kwa hiyo kilichobaki cha kupimwa ni 41 na 15. Kuzidisha kwa 5 hakuwezi kuileta 7 ambayo haikuwamo, wala kuiondoa iliyokuwamo. Ninachokitazama katika habari hii ni lile pengo katika orodha. Mtoto aliyezoea kupokea orodha hulipita pengo bila kuliona. Huyu alidhani kwamba kama nyingine zina kanuni, na hii ni lazima iwe nayo.

Tusimtupie mtoto mzigo wote. Mwaka 1996 watafiti wawili waliokuwa Canada, Rina Zazkis na Stephen Campbell, walichapisha utafiti kuhusu uelewa wa walimu tarajali wa shule za msingi. Miongoni mwa maswali waliyowapa ni namba iliyoandikwa kama 3 × 3 × 3 × 5 × 5 × 7, kwa kifupi cha vipeo: je, inagawanyika kwa 7? Ile 7 ipo mbele ya macho. Hata hivyo baadhi yao walizidisha kwanza hadi wakapata 4,725, kisha wakaanza kugawanya. Hao ni watu wazima waliokuwa wakijiandaa kufundisha. Walijua kugawanya, lakini kugawanyika hawakukuona kama tabia ya namba; kwao kulikuwa kitendo cha kufanya ili jibu litoke. Nina hakika tukiwapa swali hilo walimu tarajali wa kwetu tutakutana na yale yale, na siwalaumu, kwa kuwa nao walinakili orodha ile ile. Kinachotakiwa ni vyuo vya ualimu kuwapa muda wa kukaa na vijiti kama watoto, wajiulize kwa nini, kabla hawajapewa mbinu za kufundishia.

Najua mwalimu mwenye darasa lililojaa atasema nini. Wanafunzi ni wengi, mada ni nyingi, mtihani wa taifa hausubiri, na mtihani wenyewe hauulizi kwa nini. Mazingira hayo ni ya kweli, ila hesabu ya muda naipinga. Kipindi kimoja cha vijiti na kingine cha kuandika kilichoonekana vinachukua nafasi ya kanuni nane au tisa za kukariri, ambazo zitafundishwa upya kila mwaka kwa sababu zinasahaulika kila mwaka. Na darasa kubwa halihitaji kila mtoto awe na vijiti vyake. Watatu mbele wanatosha, wengine wanahesabu kwa sauti kinachobaki.

Faida inaonekana haraka katika mada zinazofuata. Mtoto akiona sehemu yenye kiasi 126 na asili 198, anajua papo hapo kuwa zote ni shufwa, na tarakimu zao zinajumlishwa kuwa 9 na 18. Anagawanya juu na chini kwa 18, anapata saba juu na kumi na moja chini, kwa hatua moja. Mwenzake ataanza na 2, kisha 3, kisha 3 tena, na pengine ataishia njiani. Kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika), kuchambua namba kuwa namba tasa, yote yanategemea jicho hili.

Nje ya darasa pia kuna kazi. Wanahisabati wa ulimwengu wa Kiislamu wa karne za kati walihakiki kuzidisha kwa kutumia 9, na njia hiyo bado inafaa kwa mtu anayekagua daftari la mauzo bila kikokotoo. Tuseme umeandika kwamba 347 × 28 ni 9,716. Tarakimu za 347 zinafika 14, kisha 5. Za 28 zinafika 10, kisha 1. Tano mara moja ni tano. Tarakimu za 9,716 zinafika 23, kisha 5. Zimekubaliana. Lakini kama ungeandika 9,176 kwa kukosea mpangilio, ukaguzi huu ungekaa kimya, kwani jumla ya tarakimu haijali nani kasimama mbele ya nani. Mwulize mwanafunzi kwa nini, na atarudi mwenyewe kwenye vijiti: kila fungu, liwe la kumi au la mia, linaacha kimoja tu. Kanuni ya 11 ingelikamata kosa hilo. Kumi inapungua moja kufika 11, mia inazidi 99 kwa moja, elfu inapungua moja kufika 1,001, kwa hiyo tarakimu zinajumlishwa na kutolewa kwa zamu, na mpangilio unahesabika.

Dukani, namba za tarakimu 13 zilizo chini ya vipau vya bidhaa zinafanya kazi kwa wazo hilo hilo. Zilizosajiliwa kupitia Tanzania zinaanza na 620, za Kenya na 616. Chukua namba ya kubuni, 6201234567893. Zidisha tarakimu kwa zamu, ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, hadi mwisho, kisha jumlisha. Utapata 110, inayogawanyika kwa 10. Ile 3 ya mwisho imewekwa pale ili hilo litokee, na tarakimu moja ikisomwa vibaya jumla haitagawanyika tena kwa 10, na mashine itakataa. Kwa nini wakachagua 3 na si 2? Kwa sababu kosa la 5 mara 2 ni 10, na lingepita bila kuonekana. Pakiti ya chumvi au ya majani ya chai inatosha kuwa zana ya kufundishia kipindi kizima.

Mwanafunzi wa Tanzania anakutana na jambo jingine pia. Akiingia kidato cha kwanza hisabati inahamia kwenye Kiingereza. Aliyebeba sentensi kumi za kukariri atalazimika kuzikariri upya, maneno yote mapya. Aliyeona kwamba kumi ni tisa na moja anajifunza maneno mapya kwa jambo analolijua.

Kwa hiyo naliomba Baraza la Mitihani, na kila mwalimu anayetunga majaribio ya mwisho wa wiki, wabadilishe umbo la maswali machache tu. Badala ya kuuliza ni namba ipi kati ya hizi nne inagawanyika kwa 9, tuulize: bila kugawanya, taja baki la 70,215 ikigawanywa kwa 9. Tuulize: jumla ya tarakimu za namba ni 6, je, lazima igawanyike kwa 6? Toa mfano. Tuulize ni tarakimu zipi zinaweza kujaza pengo katikati ya 5 na 4 ili namba hiyo ya mamia igawanyike kwa 9, na tusimpe alama zote aliyeandika 0 peke yake akaiacha 9. Na kwa darasa la saba: andika namba yoyote ya tarakimu tatu, iandike tena mbele yake, kama 374374, kisha eleza kwa nini lazima igawanyike kwa 7, kwa 11 na kwa 13. Jibu lake ni mstari mmoja, kwamba namba hiyo ni 374 mara 1,001, na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Kulisahihisha kunachukua muda ule ule wa kuweka alama ya vema.